Mshumaa Umekwenda Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi katika siku ya sayansi. Wengi hawakuweza kufika wakaniomba maandishi, nayo ndiyo haya. Maneno ni yaleyale niliyoyasema. Majaribio niliyoyafanya mezani nimejitahidi kuyaeleza ili asiyekuwepo aone.

Walimu wenzangu, wazazi wetu mliokuja, na hasa ninyi wanangu mliokaa hapa mbele kabisa: hamjambo?

Naomba kila mmoja autazame mshumaa huu. Nauwasha. Kwa dakika moja msiseme neno, tazameni tu.

Haya, mmeona nini? Huyu anasema mwali. Huyu anasema nta inayeyuka. Yule kule nyuma anasema mshumaa unapungua. Vizuri sana, hilo la mwisho ndilo nililolitaka. Sasa niambieni: unapopungua, unakwenda wapi?

Nilipokuwa na umri wenu mwalimu wangu aliniuliza swali hilohilo, darasa zima likisikia. Nikasimama, kifua mbele, nikajibu: "Unayeyuka, mwalimu, mpaka unaisha." Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu hakunikaripia. Alichukua glasi kavu iliyokuwa baridi, akaishika juu ya mwali, mdomo ukitazama chini, kama ninavyofanya sasa. Sogeeni, sogeeni muone. Mnauona ukungu unaotanda ndani ya glasi? Wewe, pitisha kidole hapo. Kimelowa, sivyo? Hayo ni maji. Ndani ya mshumaa mliona maji? Kuna aliyeyamimina?

Nilirudi kwenye kiti changu kimya siku ile, na tangu hapo kemia haijaniachia.

Jibu langu lilikuwa na kosa gani? Nilichanganya mambo mawili yanayotokea pamoja katika kitu kisichozidi urefu wa kidole. La kwanza: nta inayeyuka. Inatiririka ubavuni, inadondoka mezani, inaganda. Ukiikwangua ukaitazama, ni nta ileile. Waweza kuitengenezea mshumaa mwingine. La pili: nta inaungua. Hidrojeni iliyokuwa ndani yake inaungana na oksijeni ya hewani na kuwa maji, ndiyo ukungu mliouona. Kaboni yake inaungana na oksijeni hiyohiyo na kuwa gesi ya kaboni dayoksaidi, inayopaa msiione. Hapo hata utafute vipi, nta huikuti. Mshumaa haukuyeyuka ukaisha. Umegeuka vitu vingine, na vingine kati ya hivyo mnavivuta puani sasa hivi.

Kabla sijauweka kando, tazameni na hili. Nauzima kwa pumzi. Mnauona uzi wa moshi mweupe unaopanda kutoka kwenye utambi? Nashika njiti inayowaka na kuiingiza katika moshi huo, vidole viwili juu ya utambi. Utambi siugusi. Mmeona? Moto umeshuka kwa kufuata moshi na mshumaa umewaka tena! Nani anataka nirudie? Basi narudia, maana mimi mwenyewe sijawahi kuchoka kulitazama jambo hili.

Moshi ule mweupe ni nta. Ni mvuke wa nta unaopoa na kuwa matone madogo mno. Kwa hiyo katika mshumaa mmoja mna nta yabisi chini, nta kimiminika juu yake kidogo, na nta ya mvuke kuuzunguka utambi. Hali tatu, kitu ni kimoja. Halafu mwalini, hapo ndipo nta inapokoma kuwa nta.

Mpaka huo, kati ya nta kubaki nta na nta kugeuka kitu kingine, ndio mada ya mazungumzo yetu ya leo. Kuna sifa za kifizikia, na kuna sifa za kikemikali. Sifa ya kifizikia unaweza kuijua na kitu kikabaki kilekile: rangi yake, ugumu wake, kinayeyuka kwenye nyuzi ngapi, kinapitisha umeme au hakipitishi. Sifa ya kikemikali huwezi kuijua mpaka ukiruhusu kitu kigeuke kitu kingine. Nikitaka kujua kama nta inaungua, nifanyeje? Niitazame? Niipime? Niikune? Hapana. Sina budi niichome. Na nikishaichoma, sina nta tena. Nina habari zake.

Tuanze na hizo za kwanza. Wengi mmezikariri kama orodha ya wachezaji, nami nasikitika, kwa sababu si orodha. Ni maswali. Na maswali mengine yana nguvu kuliko mengine. Nikikuambia, "Nina kitu chenye uzito wa kilo moja, ni nini?" utanijibu nini? Chaweza kuwa maji, chuma, hata hewa. Kilo ni kilo. Nikikuambia kina ujazo wa lita moja, bado hujui. Lakini nikikupa uzito na ujazo wa kitu kimoja kwa pamoja, nikakuambia kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 19.3, mwanakemia ataruka kitini. Hiyo ni dhahabu, au kitu kinachokaribiana nayo sana. Hesabu hiyo ya tungamo (zile gramu au kilo) kugawanywa kwa ujazo ndiyo densiti, na haijali una kipande kidogo kama punje au tofali zima. Jibu ni lilelile.

Wahenga wamesema vyote ving'aavyo si dhahabu. Kuna madini yaitwayo pairiti, muunganiko wa chuma na salfa, ya manjano, yanang'aa kweli, na watu wengi wamewahi kuyachimba wakidhani wametajirika. Densiti yake ni kama gramu 5 tu. Tena ukiigonga pairiti kwa nyundo inavunjika vipandevipande, ilhali dhahabu inatandazika. Jicho limedanganywa, mizani na nyundo havikudanganywa.

Kuyeyuka nako kuna mambo. Zebaki mnaijua, ile metali inayomiminika. Zamani ilionekana kana kwamba umiminika ndiyo asili yake, kama vile ni aina ya maji yenye kung'aa. Mwezi Desemba mwaka 1759, mjini St. Petersburg nchini Urusi, Josef Adam Braun aliitia zebaki katika mchanganyiko baridi mno wa theluji na asidi, na zebaki ikaganda. Wakaigonga kwa nyundo ikatandazika kama metali nyingine. Leo tunajua inaganda kwenye nyuzi 39 hivi chini ya sifuri. Kumbe zebaki ni metali kama zile nyingine. Ni sisi tu tunaoishi mahali penye joto kuliko kiwango chake cha kuyeyuka!

Na mkumbuke kuuliza hali ilivyokuwa. Mtu akisema maji huchemka kwenye nyuzi 100, ongezeni: usawa wa bahari. Kileleni mwa Mlima Everest, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 70. Hayajawa maji mengine. Swali limeulizwa mahali pengine.

Sasa nipeni masikio yenu vizuri, kwa sababu nataka kuwasimulia kisa ninachokipenda kuliko vyote katika somo hili.

Mwishoni mwa karne ya 19 nchini Uingereza alikuwepo mwanafizikia aliyejulikana kama Lord Rayleigh. Kazi aliyojipa ilikuwa ya kuchosha: kupima densiti za gesi kwa usahihi mkubwa. Alipofika kwenye nitrojeni aliipata kwa njia mbili. Njia ya kwanza, alichukua hewa akaipitisha juu ya shaba yenye moto ili shaba hiyo iimeze oksijeni yote, na mabaki akayaita nitrojeni. Njia ya pili, alitengeneza nitrojeni kutoka katika kampaundi, yaani vitu ambamo nitrojeni imeungana na elementi nyingine, amonia ikiwa mojawapo. Akapima. Lita moja ya nitrojeni ya hewani: gramu 1.2572. Lita moja ya nitrojeni ya kampaundi: gramu 1.2505.

Mmeiona tofauti? Haifiki hata miligramu 7 katika lita nzima. Ninyi mngefanyaje? Semeni kweli. Nawajua, mngeandika wastani mkaenda zenu! Hata mimi ningeshawishika kuilaumu mizani. Rayleigh akarudia. Akarudia tena. Kila aliporudia, nitrojeni ya hewani ilikuwa nzito kidogo. Mwaka 1892 aliandika barua katika jarida la sayansi la Nature akiwaomba wasomaji, kama yupo mwenye maelezo, amsaidie.

Nitrojeni ni nitrojeni. Kitu kimoja hakiwezi kuwa na densiti mbili katika hali moja. Basi kama zimepatikana densiti mbili, huenda hicho si kitu kimoja. Mkemia William Ramsay akaliingilia suala hili kwa njia yake. Alijua nitrojeni ina sifa ya kikemikali: ikipita juu ya metali iitwayo magnesi iliyopashwa moto sana, inaungana nayo na kubaki humo. Akaipitisha ile "nitrojeni" ya hewani juu ya magnesi, akairudisha, akaipitisha tena na tena. Gesi ikawa inapungua, inapungua, kisha ikagoma kupungua. Kikabaki kiputo cha gesi ambacho magnesi haikitaki. Alipoupima mwanga wake alipopitisha umeme ndani yake, aliona mistari myekundu na ya kijani isiyolingana na ya gesi yoyote iliyojulikana.

Mwaka 1894 wawili hao wakautangazia ulimwengu elementi mpya, yaani kitu cha msingi kisichoundwa kwa kuunganisha vitu vingine. Wakaiita agoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, kwa kuwa haikukubali kuungana na chochote walichoipa. Gesi hiyo ni karibu asilimia 1 ya hewa. Yaani kila mtu aliyewahi kuvuta pumzi tangu dunia iwe dunia ameivuta agoni, na hakuna aliyeijua mpaka mtu mmoja alipokataa kupuuza miligramu 7.

Tazameni jinsi sifa zilivyosaidiana. Densiti ilizua shaka. Tabia ya nitrojeni mbele ya magnesi ikaiondoa nitrojeni njiani. Mistari ya mwanga ikathibitisha. Na kule kugoma kwa agoni, je, ni sifa au ni ukosefu wa sifa? Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi mmoja, na ni swali zuri. Ni sifa, tena ya kikemikali. Unaijuaje mpaka umejaribu kuiunganisha? Ndiyo maana leo agoni hutumika kuikinga metali isiungane na oksijeni wakati wa kuchomelea. Uvivu wake ndio kazi yake.

Twende kwenye sifa za kikemikali zenyewe. Mfano mfupi kwanza. Sodiamu ni metali laini, unaikata kwa kisu, na ukiitupa majini inafoka na kuwaka. Huhifadhiwa ndani ya mafuta. Klorini ni gesi ya kijani iliyochanganyika na manjano, sumu, imewahi kutumiwa kuua watu vitani. Ziunganishe mbili hizo. Unapata nini? Chumvi ya kawaida! Ukali wa sodiamu haumo, sumu ya klorini haimo. Kampaundi haichukui nusu ya tabia ya mama na nusu ya baba. Inakuja na tabia zake.

Kisa kirefu ni cha Antoine Lavoisier, Mfaransa wa karne ya 18. Alitia zebaki kwenye chombo cha kioo chenye shingo ndefu iliyopinda, shingo ikaishia katika hewa aliyoifungia na kuipima: inchi 50 za ujazo. Akaipasha zebaki moto, karibu ichemke. Kwa siku ngapi? Siku 12, usiku na mchana. Siku ya pili vikaanza kuonekana vipunje vyekundu juu ya zebaki. Vikaongezeka. Vilipokoma kuongezeka, akauzima moto, akapima hewa: inchi 42 au 43. Karibu sehemu moja katika sita imetoweka, na katika hewa iliyosalia mshumaa ulizimika papo hapo.

Angeishia hapo tungesema amefanya vizuri. Hakuishia hapo. Aliukusanya ule unga mwekundu akaupasha moto mkali zaidi. Unga ukarudi kuwa zebaki inayong'aa, na gesi ikatoka, inchi 7 hadi 8 za ujazo, karibu kiasi kilekile kilichopotea! Humo mshumaa uliwaka kwa mwanga wa kuumiza macho. Ndiyo gesi ambayo yeye mwenyewe aliipa jina la oksijeni. (Jaribio hili msilifanye, wanangu. Mvuke wa zebaki ni sumu, wala hauna harufu ya kukuonya.)

Kwa nini nimekichagua kisa hiki? Kwa sababu ya kitu ninachokisahihisha kwenye madaftari kila mwaka. Mnaandika: "Mabadiliko ya kifizikia yanarudika, mabadiliko ya kikemikali hayarudiki." Mmefundishwa hivyo, nami sitaki kumlaumu mtu, pengine yalikuwa maneno ya kuwarahisishia mwanzo wa safari. Lakini yapimeni. Maji yakimwagika hayazoleki. Je, yamegeuka kuwa kitu kingine? Yamelowesha ardhi tu, ni maji bado. Glasi hii nikiiangusha sitaiunga tena maisha yangu yote, lakini kila kipande kitakuwa kioo. Upande wa pili, zebaki ya Lavoisier iligeuka unga mwekundu, kitu kingine kabisa, kisha ikarudi kuwa zebaki kwa moto tu. Kwa hiyo msiniulize kama kinarudi. Niulizeni: je, bado ni kitu kilekile?

Dalili nazo ni dalili tu. Dalili ya mvua ni mawingu, na bado mawingu hupita mvua isinyeshe. Viputo? Maji yanapochemka yanatoa viputo, na ndani yake mna mvuke wa maji tu. Rangi? Tone la wino linabadilisha rangi ya glasi nzima, hakuna kilichozaliwa. Lugha yetu nayo inatutega kidogo, maana tunasema barafu imeyeyuka na tunasema chumvi imeyeyuka majini, kwa neno moja. Barafu inahitaji joto tu, iko peke yake. Chumvi inahitaji maji, ni vitu viwili. Ukiyakausha maji unaikuta chumvi yako chini ya chombo. Unapoona dalili, furahi, halafu pima.

Kisa cha mwisho. Mwezi Aprili mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani ya Kinazi yaliingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Katika taasisi ya mwanafizikia Niels Bohr zilikuwemo medali mbili za dhahabu za Tuzo ya Nobel, tuzo kubwa ya sayansi, mali ya wanafizikia Max von Laue na James Franck, zilizowekwa pale kwa usalama. Kuitoa dhahabu nje ya Ujerumani lilikuwa kosa zito, na medali zilichorwa majina ya wenyewe. Zikionekana, von Laue, aliyekuwa bado anaishi Ujerumani, yumo hatarini. Mkemia George de Hevesy alipendekeza wazizike. Bohr akakataa: zitafukuliwa. Askari wako barabarani. Ungefanya nini?

De Hevesy aliamua kuziyeyusha kwa asidi. Lakini dhahabu inajulikana kwa nini? Kwa kukataa! Haishiki kutu, asidi ya nitriki peke yake haiiwezi, asidi ya hidrokloriki peke yake haiiwezi. Ukizichanganya asidi hizo mbili, nitriki inazing'oa elektroni, chembe ndogo mno, kutoka kwenye atomu chache za dhahabu, na kloridi, yaani klorini iliyomo katika asidi ya pili, inazidaka atomu hizo kabla hazijarudi. Zinang'olewa nyingine, zinadakwa nyingine. Kazi ya polepole. Dhahabu ilimsumbua, akakazana nayo, mpaka medali zote mbili zikawa kimiminika cha rangi ya chungwa ndani ya chupa. Akaiweka chupa rafuni, katikati ya chupa nyingine za maabara. Wanazi walipekua jengo lile. Chupa hawakuigusa.

Vita vilipokwisha chupa ilikutwa palepale. Dhahabu ikatolewa katika kimiminika kwa njia ya kikemikali, ikapelekwa Sweden, na medali zikafuliwa upya kwa ajili ya wenyewe.

Sasa nawaachia swali mlijadili kabla sijapokea maswali yenu. Yule askari aliyesimama mbele ya rafu, akaipita ile chupa: mbele yake palikuwa na dhahabu au hapakuwa? Msikimbilie kujibu. Mng'ao haukuwemo. Rangi ya manjano ya metali haikuwemo. Densiti ya 19.3 haikuwemo, wala kutandazika kwa nyundo. Sifa zote za kifizikia ambazo angeitambulia dhahabu zilikuwa zimeondoka. Atomu zote zilikuwemo, hakuna hata moja iliyopotea.

Mishumaa ipo mezani, glasi zipo, mizani ipo. Geukeni wawili wawili, mbishane kwa dakika tano, kisha mkono wa kwanza utakaonyooka nitausikiliza.